Hodi Tatu kwa Bi Mize

Hapo zamani, na zamani hii si ya mbali, maana meza yenyewe ni hii ninayoegemea, siku ya Jumatatu tarehe nne Machi 2019, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Mbonea aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta yake akasema amepata gemu iliyochezwa na watu kumi na mmoja tu duniani.

Sikilizeni vizuri. Mwishoni nitawauliza, na sitaki mtu aseme kuna jambo sikulitaja.

Tulikuwa watatu. Tulimaliza chuo mwaka mmoja, tukaanzisha ukurasa mtandaoni, tukauita Buku Tano, kwa kuwa tuliandika habari za gemu ndogo peke yake: zile ambazo bei yake haivuki shilingi elfu tano, na zile za bure zinazochezwa humo humo kwenye kivinjari bila kupakua kitu. Gemu kubwa zina wa kuzisemea. Hizi ndogo mara nyingi kazitengeneza mtu mmoja chumbani kwake, na asipotokea wa kuzitaja hufa bila matanga. Kazi tuligawana. Mbonea alitafuta. Nakijwa alicheza na kuandika. Mimi nilikagua. Ofisi ilikuwa meza ya chakula ya shangazi yangu, Bi Mwantumu, hapa Kihonda, Morogoro, na kila mmoja wetu alipewa ufunguo wa mlango ili asimsumbue mwenye nyumba.

Kanuni ilikuwa moja: hatuandiki gemu ambayo hatujaifikisha mwisho. Niliiandika mimi kwa mkono, nikaibandika ubavuni mwa friji.

Basi Mbonea alitafuta. Alishuka orodha ya gemu mpya hadi ukurasa wa thelathini na saba, mahali ambapo hakuna anayefika, akaikuta. Iliitwa Kwa Bi Mize. Picha zake zilikuwa za vidoti, lakini vidoti vya mtu mwenye subira: nyumba ya udongo yenye baraza, mlango wa mbao, ua wenye mkwaju mdogo, kuku wawili. Wewe ni kijana uliyebeba kikapu. Unafika mlangoni. Kuna kitufe kimoja, kimeandikwa Hodi.

Nakijwa akacheza. Akabonyeza. Hodi. Kimya. Akabonyeza. Hodi. Kimya. Akabonyeza tena. Hodi. Kimya. Alibonyeza Jumatatu hadi chai ikapoa, akabonyeza Jumanne tangu saa tatu asubuhi, na kwa kuwa nilimwomba ahesabu, alihesabu. Hodi mia mbili na kumi na nne. Mlango haukufunguka.

Ukurasa wetu ulitoka kila Jumanne saa sita kamili mchana. Saa tano na dakika arobaini Nakijwa akaniletea alichoandika. Kilikuwa kifupi na kilichekesha. Kilisema picha ni nzuri, kuku wana afya, mlango umekufa, nyota moja kati ya tano.

Nilimuuliza kama amefika mwisho.

"Gemu iliyoharibika mwisho wake ni pale ilipoharibikia," akasema.

Nilirekebisha koma mbili nikaipitisha. Kanuni ilikuwa ubavuni mwa friji, hatua nne kutoka nilipokaa.

Watu wakaenda kuutazama mlango uliokufa. Siku ya kwanza walikwenda mia nne. Ikawa mchezo juu ya mchezo, kila mtu akiandika hodi alizopiga. Mtu wa Mbeya akasema amepiga elfu moja na mia mbili akiwa foleni ya benki. Mwingine akasema Bi Mize kahama, mwingine akasema Bi Mize ana wageni wa kumdai. Tulicheka. Hata mimi nilicheka.

Alhamisi saa nane mchana ikaja barua ya mwenye gemu. Alijitaja kuwa Hashil Mbaraka wa Lindi. Barua ilikuwa na mistari mitatu: anashukuru kwa muda wetu, anaona mchezo wake unasumbua watu, na Jumamosi saa sita mchana atautoa mtandaoni. Hakutukana. Hakujitetea. Nakijwa aliisoma mara mbili, akafunga kompyuta yake, akaenda kusimama uani. Mbonea akasema ndiyo kazi ilivyo.

Mimi nilibaki nautazama ule mlango. Shangazi alikuwa anapita kwenda jikoni kugeuza maharage, akainama begani kwangu akauliza ni kwa nani pale. Nikamweleza.

"Na mmepiga hodi mara ngapi?"

"Mia mbili na kumi na nne, shangazi. Huyo ni Nakijwa peke yake."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa nimekula futari ya msikiti mzima.

"Hata mgambo hapigi hodi mia mbili. Mmesomeshwa wapi nyie? Sogea."

Shangazi hakuwahi kucheza gemu. Nikaufungua mchezo upya, nikamwonyesha kitufe. Akafuta mikono kwenye khanga, akabonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto. Hodi. Kimya. Nikataka abonyeze tena, akanizuia. Akaenda jikoni, akageuza maharage, akarudi. Hodi. Kimya. Akakaa, akaniuliza habari za mama yangu, nikamjibu. Hodi. Kimya.

"Hayupo, au hana nafasi," akasema. "Tumeshapiga tatu. Turudi."

Nikamwambia hakuna pa kurudi, gemu ni mlango tu. Akasema kijana alikuja kwa miguu, basi njia ipo. Nikamwonyesha mshale wa kushoto. Akaubonyeza, akamgeuza kijana na kikapu chake. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tangu mchezo ule uwekwe, katika watu wote waliofika pale, hakuna aliyewahi kumwona yule kijana kwa mgongo. Ya nne, ya tano, ya sita. Hatua ya saba, kikapu kikiwa kimeshagusa ukingo wa picha, ikasikika sauti ya mwanamke mzee ikitoka ndani.

"Nani huyo anayeondoka? Nilikuwa nasali. Rudi, mwanangu. Karibu."

Mlango ukafunguka.

Shangazi alicheza dakika arobaini na tano. Maharage yaliungua, na hajawahi kuyataja. Ndani ya nyumba ile hapakuwa na adui wala pointi. Unamsaidia Bi Mize kuchambua mchele. Unamtungia uzi sindano, kwa kuwa macho yake hayaoni tundu. Unamshikia ukili anaposhona mkeka, naye anakuuliza umekula, unasoma nini, na hayo masomo yanaisha lini. Mwishoni anakusindikiza hadi barazani, anasema usikae sana bila kurudi. Basi. Shangazi aliondoa kidole, akauliza, "Huyu mtoto aliyetengeneza hii yuko wapi?"

Nikamwita Nakijwa kutoka uani. Akapiga hodi tatu, akageuka, akaitwa. Alipotoka ndani ya ile nyumba alifungua tena kompyuta yake. Akaandika.

Ijumaa saa nne asubuhi tukatoa maandishi ya pili, na hii haijawahi kutokea Buku Tano. Nakijwa hakuyafuta ya kwanza. Aliyaacha pale pale na nyota yake moja, chini yake akaandika kwa jina lake kamili kwamba alisema uongo, kwamba hakufika mwisho, kwamba mlango ule si mfu, yeye ndiye aliyekosa adabu. Siri hakuitoa. Alisema tu: nendeni, mfanye kama mlivyofunzwa kwenu.

Watu wakaenda tena. Safari hii waliorudi hawakuandika hesabu ya hodi. Waliandika majina ya bibi zao. Yule wa Mbeya aliandika kwamba amempigia bibi yake simu.

Jumamosi saa sita mchana nilikuwa nimekaa hapa, kidole juu ya kitufe. Saa sita na dakika moja nikafungua. Nyumba ipo. Saa saba, ipo. Hadi Jumatatu ya tarehe kumi na nane watu elfu sita walikuwa wameitwa na Bi Mize "mwanangu", na siku hiyo ikaja barua ya pili.

Hashil alieleza alichotuficha. Bi Mize ni bibi yake mzaa baba, ndiye aliyemlea na kumfunza: hodi ni tatu, usipojibiwa rudi, kila mtu ana faragha yake. Siku moja alifika kutoka chuoni bila taarifa. Akapiga tatu. Kimya. Akarudi stendi, akapanga aje wiki ijayo. Bibi alikuwa anasali. Alipotoa salamu alitoka akamwita, na kijana alikuwa ameshakata kona. Wiki iliyofuata Hashil alikuta watu wamekaa nje kwenye mikeka. Jirani aliyemsikia bibi akiita ndiye aliyemhadithia, na sauti ya ndani ya gemu ni ya jirani huyo.

"Nilitengeneza nyumba ambayo mtu akiondoka, husikia," aliandika. "Sikuweka maelekezo kwa sababu nilidhani kila mtu anajua. Watu kumi na mmoja walipogonga bila kuondoka, nikafikiri labda nimebaki mimi peke yangu ninayejua."

Kisha akaleta neno lake. Bi Mize alikuwa akisuka mikeka yenye maandishi. Ndani ya gemu, mlangoni, kuna mkeka wenye nakshi pande mbili, na katikati ni mtupu. Hashil anataka kuweka hapo jina la aliyeuokoa mchezo. Jina moja. Bi Mize hakuwahi kusuka majina mawili kwenye mkeka mmoja. Alisema wenyewe wangekuja kuugombea. Tumpelekee jina kesho kabla ya saa sita. Na kwa kuwa mkaguzi ni mimi, akaniachia mimi.

Nikawasomea wote mezani. Shangazi alikuwa na ungo wa mchele mapajani.

Mbonea akasema, "Ukurasa wa thelathini na saba. Niliushukia mimi, kurasa zote hizo, gemu mia saba na zaidi. Nisingeshuka, Nakijwa angepiga hodi wapi? Shangazi angemsikia nani? Aliyeokota ndiye mwenye kuokoa."

"Wewe ni kama dalali," Nakijwa akamwambia. "Umeonyesha watu nyumba ambayo hujawahi kuingia."

Na kweli, hadi siku hiyo Mbonea alikuwa hajaingia.

Nakijwa naye akasema lake. "Kabla yangu walikuwa kumi na mmoja, na mmoja wao aliacha neno moja: haifunguki. Watu elfu sita nimewaleta mimi. Nimewaleta kwa kosa langu, kisha nikalikiri mbele yao, jina langu liko pale na nyota yake moja hadi leo. Nani kati yenu amelipa kitu?"

"Umechoma kibanda, sasa unataka sifa za kuleta maji," Mbonea akasema.

"Maji niliyaleta. Wewe ulisema ndiyo kazi ilivyo."

 Kisha wote wawili, kwa aibu, wakasema labda jina liwe la shangazi, kwa kuwa ndiye aliyefungua. Shangazi alikuwa ameinamia ungo.

"Mimi nilipiga hodi tu," akasema. "Hilo si jambo. Kila aliyelelewa anapiga. Sikuwa namwokoa mtu, nilikuwa nasubiri maharage."

Akachambua. Akatoa kijiwe, akakiweka mezani.

"Hilo jina, mtu akipita mlangoni analisoma?"

Nikamwambia kila anayeingia atalisoma.

"Mimi sina mtoto, sina mjukuu," akasema. "Hodi za nyumba hii zilikuwa zenu nyie watatu, nami mwenyewe nikawapa funguo." Akapepeta mara mbili. "Lakini msije mkaniandika kwa huruma. Kwa huruma sitaki. Kama nimestahili, nimestahili."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mmoja alitafuta bila kuingia. Mmoja alikosea, na kosa lake ndilo lililouleta umati, na toba yake ndiyo iliyoubakiza mchezo. Mmoja alifungua bila kujua kwamba anafungua, na yeye peke yake ndiye anayelitaka jina kwa moyo. Mimi niliyerekebisha koma mbili sina dai, msinihesabu.

Asubuhi iliyofuata, Jumanne tarehe kumi na tisa, saa kumi na mbili na dakika hamsini, nilifika hapa nyumbani kwa shangazi. Ufunguo ulikuwa mkononi. Nikaurudisha kwenye mkoba, nikasimama mlangoni, nikapiga hodi. Kimya. Nikasubiri. Hodi. Nikasikia redio ndani. Hodi. Nikageuka, nikaanza kuondoka, nikihesabu hatua. Nilikuwa kwenye ya tano alipoita.

Nikaingia, nikaketi mezani, nikafungua barua ya Hashil. Nikaandika: Jina la kuwekwa kwenye mkeka wa Bi Mize ni. Nikasimama hapo hapo. Shangazi akaniwekea chai, hakuuliza. Saa sita ilikuwa bado mbali.

Haya, nyie mliosikia yote na mmekaa kimya: mkeka ni mmoja, na jina ni moja. Je, katikati ya mkeka ule alistahili kuandikwa nani?