Bibi Mghoi na Hodi ya Mkesha wa Noeli

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, mshikane mabega. Ngano hii haitaki mtu akae peke yake.

Hapo zamani za kale, katika kijiji cha milimani, aliishi mwanamke mzee aitwaye Bibi Mghoi. Aliishi na mwanawe Mwadime, na Wakio mkewe Mwadime, pamoja na wajukuu.

Kila yalipofika Majilio, majuma yale ya kumngojea Bwana, Bibi Mghoi aliwakusanya jamaa zake jioni. Wakasali. Wakaimba. Wakasimulia tena jinsi Mariamu alivyohangaika Bethlehemu, kila mlango umefungwa. Sala kwanza, chungu baadaye. Wajukuu walinung'unika, Mwadime akapiga miayo, lakini bibi hakulegeza.

Mwaka mmoja, Majilio yakaja na chui.

Akaanza na mbwa. Akaja kwa mbuzi. Kisha akaja kwa watu. Mzee mmoja jirani alisikia hodi jioni, akafungua, asionekane tena. Ikabaki kofia yake kizingitini. Kijiji kikanong'ona: "Chui huyu anabisha hodi. Chui huyu ana sauti ya mtu!"

Basi jua likianza kuinama, milango: pa! pa! pa! Kanisa likabaki na popo wake. Na Wakio aliogopa kuliko wote. Akichota maji, alihisi macho mgongoni. Jani likianguka, moyo wake: du! du! du!

Mkesha wa Noeli ukafika. Mwadime akamchinja beberu aliyemnenepesha mwaka mzima, akamtundika uani chini ya ghala.

"Mama, mwaka huu nyimbo tuziache," akasema. "Tufunge mlango, tule, tunywe, tusahau. Chui anasikia."

"Basi tutaimba polepole," akajibu Bibi Mghoi. "Lakini tutaimba."

Wakaimba polepole. Ukungu ukashuka. Wakafika pale pa Mariamu na milango, mara:

Ngo! Ngo! Ngo!

"Hodi wenyewe! Nifungulieni!"

Sauti ya mwanamke. Wimbo ukakatika.

"Ndiye," akanong'ona Mwadime, akashika panga.

"Nifungulieni, mimi msafiri, uchungu umenishika! Nimebisha kijiji kizima!"

Na nyuma ya sauti hiyo, kule migombani: Khrrr-kho! Khrrr-kho! Kama msumeno unaokata gogo kavu.

Wakio akawakumbatia wanawe. "Mama, usifungue! Nakusihi, kwa ajili ya watoto!"

Bibi Mghoi alikwisha kusimama. Wakio akaitazama mikono ya mkwewe. Inatetemeka! Siku zote alidhani mzee yule haijui hofu.

"Mama, hata wewe unaogopa?"

"Naogopa, mwanangu. Lakini Majilio yote tumewalaumu watu wa Bethlehemu. Leo mlango ni wetu."

Akachukua kinga cha moto. Akaondoa komeo. Kriii!

Mlangoni hapana mtu.

Kumbe mwanamke yule nguvu zilimwishia, akaanguka uani, amejikunja, anashika tumbo. Na mbele yake, kwenye ukungu, macho mawili. Yanawaka. Yanasogea.

Mwadime akasimama kama kisiki.

"Mwadime!" akapaza sauti mamake. "Mtupie sikukuu yako!"

Hapo akazinduka. Akarukia ghala, akakata kamba, whap! Beberu akabingirika mteremkoni. Macho yale yakageuka. Mifupa ikasikika: kacha! kacha! kacha!

Wakio hakujua alitokaje ndani. Alijikuta tu uani, amemshika mgeni kwapa moja, Bibi Mghoi kwapa la pili. Wakamkokota: buru! buru! buru! Mwadime akaingia wa mwisho. Mlango: pa!

Hawakuketi sana, mtoto akazaliwa. Wa kike, mzima, na mamake salama. Akalia kwa sauti kali, na Wakio akataka kumziba mdomo.

"Atamwita chui, mama!"

"Mwache alie," akasema Bibi Mghoi. "Hata yule wa Bethlehemu alilia, na Herode yu hai."

Kulipokucha wakakuta nyayo zimeizunguka nyumba yote. Bibi Mghoi akasimama katikati ya nyayo zile, akaanza wimbo, safari hii kwa sauti yote. Wakio akaitikia huku akitazama migomba. Mlango mmoja ukafunguka kule juu. Kisha wa pili. Majirani wakaja na fimbo na mikuki, vichwa chini, maana kila mmoja alikuwa ameisikia hodi ile. Wakasali pale uani. Noeli ile walikula viazi vitamu, bila nyama, na hakuna aliyeuliza nyama.

Chui? Aliendelea kutisha hadi wawindaji walipompata, wakati wa mavuno. Bibi Mghoi naye, miaka ikapita, akalala kwa Bwana. Lakini siku ile ya Noeli jirani mmoja alimwuliza:

"Bibi, ulijuaje kwamba si chui?"

Akajibu: "Sikujua."

Wanangu, anayemngoja Bwana kwa nyimbo, asimfungie mlango anapobisha. Na anayefungua si yule asiyeogopa.

Ngano yangu imetua hapa; nami nanyamaza.