Pumzi Tatu na Jina la Mtoto wa Manka

Hapo zamani, kwenye miteremko ya mlima wenye theluji, siku moja uani kwa Manka walikuwapo hawa: Manka mwenyewe na mtoto wa siku tano kifuani, mama mkwe wake, Ndesario mkimbiaji, Kiwelu, aliyehema hata akichota maji, na Mlatie, binti wa mfua vyuma. Kisoka, mume wa Manka, hakuwapo. Alipanda kutafuta ng'ombe aliyepotea, hakurudi. Moshi wake tu ulionekana juu, kwenye pango lililo juu ya msitu. Jana ulikuwa mnene. Leo ulikuwa uzi.

Manka aliwanyooshea jani la sale, ambalo kwao mtu akiombwa nalo hakatai. "Mtoto huyu atabeba jina la atakayenirudishia baba yake."

"Basi ataitwa Ndesario," mkimbiaji akasema. "Kiwelu, baki umpulizie mama moto. Kifua chako ni mvukuto."

Kiwelu akacheka naye, kisha akafunga viatu vyake vya ngozi.

Wakapanda wote watatu, Mlatie naye. Ndesario alibeba mizigo yote, ngozi za kujifunika, maziwa na chungu cha makaa, ili wenzake wasichoke. Msitu ulipokwisha, kichwa kikamgonga. Akatapika. Midomo ikawa zambarau. Mlatie pumzi ilimtosha bado. Kiwelu alihema vilevile alivyohema nyumbani, si zaidi.

"Niacheni, nendeni," Ndesario akasema.

"Nyamaza, kaka," Mlatie akamjibu. "Kiwelu, beba mizigo uende. Mimi namshusha huyu."

Kiwelu akafika. Moto wa Kisoka ulikuwa umezimika, na mguu wake umevunjika. Akawasha mwingine, akamkumbatia mpaka kukapambazuka, kisha akamburuta juu ya ngozi hadi ukingo wa msitu. Hapo mikono ikamwishia nguvu.

Kule chini, kadiri Ndesario alivyoshuka ndivyo pumzi ilivyomrudia. Kulipokucha akapanda tena hadi ukingoni, akamweka Kisoka mgongoni, akamfikisha kwa Manka. Wala hakumtua mpaka kitanda kilipotandikwa.

Manka akaona viatu vya Kiwelu vimo miguuni mwa mumewe, na Kiwelu amesimama peku, nyayo zikivuja damu.

"Mimi ndiye niliyemfikia," Kiwelu akasema taratibu. "Bila mvukuto huu angeganda."

"Ukamwacha ukingoni," Ndesario akasema. "Nani aliyemleta nyumbani?"

"Na wewe nani alikuleta?" Mlatie akauliza. "Kifua changu kilikuwa kizima. Pango nililiona kwa macho yangu, jina nikaliacha pale pale. Ningeendelea, leo tungekuwa na matanga mawili."

Wote watatu wakamtazama Manka. Manka akamtazama mtoto. Angependa kumpa jina la kila mmoja wao, lakini aliahidi jina moja.

Mtoto aliota jino la kwanza akiwa bado anaitwa Mtoto tu.

Je, ninyi mnaonisikiliza, kati ya Kiwelu, Ndesario na Mlatie, nani alistahili kumpa mtoto jina lake?