Aliyefagia Ili Amwone Mwizi

Ndugu zangu, kulikuwa na mkulima mmoja aliyepewa na jirani yake, mama mjane, mbegu za yale matunda madogo ya manjano yanayokaa ndani ya ganda jembamba kama karatasi. Kila kilima kina jina lake kwa tunda hilo. Nanyi mliite kama mlivyofundishwa kwenu. Akazisia mbegu katika kopo, na miche ilipopata nguvu akaiatika nyuma ya jiko.

Mimea ikazaa. Lakini tunda la kuiva hakuliona. Leo ganda limeanza kupauka, kesho tawi ni tupu. Nani hupita hapa kila alfajiri akienda kisimani? Mjane. Nani aujuaye utamu wa tunda hili? Ni yeye huyo. Moyo ukamwambia kwamba aliyetoa mbegu huyahesabu mavuno kuwa yake.

Basi kila jioni akawa anafagia chini ya mimea, udongo ukabaki laini, ili unyayo wa mwizi uonekane. Taka akazitupa shimoni. Asubuhi hakuna unyayo. Je, alitulia? Wapi! Alisema mwizi huyu ni fundi, akaiziba njia kwa miiba. Mama wa watu akawa anazunguka kilima kizima na ndoo kichwani.

Siku moja mjane akasimama nje ya miiba, akamuuliza kwa upole amemkosea nini.

“Waulize wanaochuma matunda yangu kabla sijayaonja,” mkulima akajibu.

“Kwani wewe wayangoja mtini, shemeji? Haya hayachumwi, huokotwa. Likiiva hudondoka na ganda lake. Ukilitazama pale chini utadhani ni jani kavu.”

Mkulima alikwenda shimoni, akapasua ganda moja, kisha la pili. Yote yalikuwa yameoza.

Mnadhani aliiondoa miiba? Hakuiondoa. Aliona haya. Jioni ile ufagio aliuacha ndani, lakini mjane aliendelea kuzunguka kilima.

Wapendwa, kumshuku mtu hatuoni haya; kumwambia “nilikudhania vibaya” ndiko kunakotushinda. Nani kati yetu ameketi hapa, anajua wazi kwamba jirani yake hakuiba, na njia bado ameiziba? Sitakuuliza jina lako. Tukitoka hapa jua litakuwa bado lipo. Nenda ukaifungue.