Jani Alilolificha Mama Digidigi

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama wa bondeni walipata droni. Mnacheka nini? Zamani mnaijua nyie? Walipata, basi!

Kima, fundi wake, akawaambia, "Hii hujifunza kwa kuonyeshwa. Nileteeni majani ya mihogo yenu, mazima na yanayoumwa. Ikishayajua, itapita juu ya mashamba ituambie ugonjwa uko wapi."

Nungunungu akaleta jani la kijani, linang'aa. Kanga, la kijani. Ngiri, la kijani. Nani akubali kuitwa mwenye shamba bovu?

Mama Digidigi alikuwa mjane, ana mtoto mmoja, Tumu. Kona ya shamba lake ilishikwa na batobato: majani yamejikunja, yana madoa ya manjano. Moyo ukamuuma. "Watasema tangu mume wangu afe nimekuwa mvivu." Naye akachuma la kijani.

Droni ikaruka. Vuuu! Vuuu! "Mizima! Mizima yote!" Wakapiga vigelegele.

Batobato ikatambaa, ikatambaa. Mama Digidigi akang'oa shina, akakuta vijizizi vyembamba kama mkia wa panya. Akampikia Tumu.

"Na wewe, mama?"

"Nimeshiba, mwanangu."

Wapi! Njaa ilikuwa inamkata.

Droni ikapita juu yao. Vuuu! "Mizima!"

"Mama, mbona inasema uongo?"

Mama Digidigi akaitazama droni ikienda zake. Machozi yakamtoka. "Haisemi uongo, Tumu. Sisi ndio tulioidanganya."

Akachuma jani lililojikunja, akaenda nalo uwanjani kwa Kima, mbele ya wote. "Kaka Kima, jani langu ni hili. Nililificha."

Wote wakalikodolea macho.

Nungunungu akakohoa. Akaingiza mkono katikati ya miiba yake, akatoa jani la manjano. "Na langu hili, shemeji. Natembea nalo siku zote." Kanga akainua bawa: jani! Ngiri naye: jani!

Droni ikafundishwa upya. Vuuu! "Huu unaumwa! Ule mzima!" Wakasaidiana kung'oa inayoumwa, wakaichoma, wakapanda pingili za mihogo mizima.

Siku ya mavuno, Tumu akasogeza sahani katikati. "Leo tunakula wote, mama." Na mama akala, akala mpaka akacheka.

Basi wanangu, na nyie wakubwa mnaojifanya mmesinzia: mwenye shida aiseme mapema, asaidiwe. Hata mashine haioni ulichokataa kuionyesha.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye jani la manjano, alitoe.