Swichi ya Mzee Mbonea

"Ufunguo wa mmoja ni kufuli la wote." Mmeisikia asubuhi, bibi yenu alipomwambia mjomba wenu aliyekataa kumpa mkewe nywila ya simu. Mjomba akanuna, nanyi mkacheka mkidhani ni vimaneno vya wazee. Sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haikutoka mbali. Ilizaliwa kwenye nyumba ile ya bati jekundu juu ya shule, nami nilikuwepo. Ilianza hivi.

Mzee Mbonea alikuwa na pikapu ya kushushia tangawizi sokoni. Gari la jirani yake lilipoibwa, alienda mjini kimyakimya akafungiwa swichi ya siri chini ya kiti cha abiria, ikafunikwa na zulia. Bila kuibonyeza, hata uzungushe ufunguo mpaka kidole kiote sugu, gari haliwaki. Hakumwambia mtu yeyote. Ndivyo alivyokuwa. Makaratasi ya shamba, kadi ya bima, namba ya kufungulia simu, vyote alivificha. Mkewe, Mama Nakijwa, alipomwuliza akiugua itakuwaje, alimjibu, "Kikulacho ki nguoni mwako." Maneno ya kumwambia mke hayo! Mama wa watu hakuuliza tena.

Binti yao Nakijwa alijifunza udereva mjini, akapata leseni. Mzee alifurahi, akatangaza kijiji kizima. Binti akija likizo, humwachia usukani. Lakini kila mara yeye hutangulia kuingia, akainama kidogo kama anayefunga kamba za viatu, ndipo humwambia, "Haya, washa." Binti alizoea. Na mzee alikuwa mtu wa buti za mvua. Buti za mvua hazina kamba, ila nani huchunguza miguu ya baba yake?

Siku moja ya gulio, magari na pikipiki zote zikiwa zimeteremka bondeni, mzee alianguka shambani. Tulipomfikia, mdomo ulikuwa umepinda na upande wa kulia umepooza. Kiharusi. Alitaka kusema, ikatoka sauti tu. Lakini hatukuogopa sana, kwa maana gari lilikuwa uani, limejaa mafuta, na Nakijwa alikuwa nyumbani likizo. Tulimweka kwenye kiti cha abiria, mkewe akasimama mlangoni kumshikilia.

Nakijwa akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Tukasukuma hadi kwenye mteremko, gari likaenda kama toroli, halikuwaka.

"Betri imekufa," mtu mmoja akasema.

"Betri gani? Taa si hizo zinawaka!" Nakijwa alikuwa analia. "Baba, gari lina nini?"

Mzee hakuweza kumjibu. Mkono wake wa kushoto, uliobaki na uhai, ukateleza kutoka mapajani ukaning'inia chini ya kiti. Mama Nakijwa akauokota, akauweka kifuani pa mumewe. Ukaanguka tena, vidole vikiparura zulia.

"Mama, mkono wa baba."

"Ananitafuta," akasema Mama Nakijwa. Akauinua kwa upole, akaushika kwa mikono yake miwili asiuachie. "Nipo, Baba Nakijwa. Nipo hapa, tulia."

Machozi yakamtoka mzee. Sote tuliona ni machozi ya mapenzi, na mimi nikageuka pembeni kumsitiri.

Tulimtoa garini tukamlaza kitandani, tukajitwika kitanda mabegani kama walivyobebwa wagonjwa zamani za babu zetu. Njia ya hospitali ni ndefu, nayo ilikuwa imelowa. Nilishika mguu wa mbele. Muda wote alikuwa amegeuza shingo kuangalia nyuma, kule tulikoliacha gari. Kabla ya kufika darajani nilihisi kitanda kimekuwa kizito, nikajua. Tuligeuka, tukarudi naye.

Siku ya kuanua matanga, wageni wakiwa bado wanakula, Nakijwa alitoroka kelele akaenda kukaa kwenye gari, tulilokuwa tumelisukuma kulirudisha uani, kwenye kiti alichokalia baba yake. Akaegemea alivyoegemea, akaacha mkono uanguke ulivyokuwa ukianguka. Vidole vikapita chini ya zulia. Vikagusa kitu.

Tulichosikia sisi ni gari kunguruma uani. Watu wote tukaacha kula. Nakijwa alikuwa amehamia kiti cha dereva, ameinamia usukani, hawezi kushuka, hawezi kuzima. Mama Nakijwa akatoka na nguo zake nyeusi, akaenda hadi mlangoni mwa gari. Binti akamwonyesha kwa kidole. Mama aliinama akatazama, kisha akaitazama mikono yake.

"Alikuwa ananionyesha," akasema. "Na mimi ndiye niliyemshika mkono."

Bibi yenu alikuwa amesimama karibu na sufuria ya wali. Alimkimbilia kumshika asianguke, ndiyo maana leo hakumchekea mjomba wenu. Mama Nakijwa hakuanguka. Alinyoosha mkono akazima gari yeye mwenyewe, mwanamke ambaye hajawahi kukalia usukani, akatugeukia sisi sote tuliombeba mumewe.

"Semeni na wake zenu," akatuambia. "Semeni na watoto wenu. Ufunguo wa mmoja ni kufuli la wote."