Jina la Mgongoni mwa Saa ya Bi Mashavu

Haya, sogeeni. Mwenye tambuu mdomoni akateme kwanza huko nje, maana hadithi hii ina mate ya kutosha, na mimi mwenyewe naisimulia nimekunja uso.

Palikuwa na mafundi saa watatu mjini Tanga, chumba kimoja, meza moja. Si mafundi wa kubadilisha betri na mikanda, la. Hawa walitengeneza saa za mkononi tangu mwanzo, za kutia ufunguo, gurudumu kwa gurudumu. Wa kwanza, Chande, alijaliwa hesabu: alikata magurudumu madogo kuliko punje ya mtama, na jino halikosei. Wa pili, Mbwana, alijaliwa sikio: chuma kikilia, alijua kinalilia nini. Wa tatu, Mize, alijaliwa kinyaa. Msicheke! Alama ya kidole kwenye chuma ilimtia kichefuchefu. Aliosha kila kipande kwa petroli, akakipanga mahali pake kwa kibano, na maandishi yote aliyachonga yeye. Saa aliyoifunga Mize haikuingia kutu. Lakini jina alilochonga lilikuwa la Chande au la Mbwana, na mtaani yeye waliishia kumwita mwosha vyuma.

Siku moja akaingia Bi Mashavu, ameshikwa mkono na jirani, kwa kuwa macho yake hayaoni.

"Wanangu, nataka saa ya kusema," akaanza. "Nikiuliza saa ngapi, mkwe wangu Rukia ananijibu apendavyo. Nina njaa, naambiwa ndiyo kwanza saa saba, chakula kinapakuliwa. Kikija kimepoa, na samaki hana ubavu. Wameshakula wote, mimi naletewa makombo, ndani ya nyumba yangu! Nikilalamika, eti uzee. Nifanyieni saa ambayo nikiibonyeza itanigongea ni saa ngapi."

Mize akakiweka kibano chini. Makombo! Mama mtu mzima!

"Inawezekana, Bibi," Chande akasema.

"Malipo yenu yapo. Na mgongoni mwa saa nataka jina la aliyeitengeneza, lichongwe kwa kina, nilipapase kwa kidole. Jina moja tu, mahali penyewe padogo. Huyo nitamwombea kila swala, na nikiulizwa nitamtaja yeye."

Jamani, Mize alilitaka jina lile mpaka viganja vikatoka jasho. Akaenda kuvinawa upesi.

Chande akaanza. Akapiga hesabu, akakata magurudumu, akakata na kile kipande chenye ngazi za kuzunguka, wao wanakiita konokono, ndicho kinachoiambia nyundo ndogo ya ndani igonge mara ngapi. Pasipo konokono, saa haijui kuhesabu. Kazi safi, ila mwenyewe anatafuna tambuu asubuhi hadi jioni, na kila kipande kilimfikia Mize kina madoa mekundu. "Chande, unachinja kuku humo?" Mize akauliza. "Bila tambuu hesabu hazinijii," akajibiwa, huku mate mekundu yanamtiririka kidevuni.

Mbwana naye akatwaa waya wa chuma, akaupinda uzunguke ndani ya saa, nyundo iugonge, uwe ndio sauti. Pasipo waya ule saa ingehesabu kimoyomoyo tu. Sasa njia yake ya kuupima! Anaung'ata kwa meno ya mbele, anaugonga, anasikiliza kwa fupa la taya. Anapiga tupa kidogo, anaung'ata tena. "Sikio hudanganywa na makelele ya barabarani, jino halidanganywi," alipenda kusema. Waya ukamfikia Mize unateleza kwa udenda, unanuka dagaa. "Mbwana, angalau ungesukutua!" "Si uoshe? Ndiyo kazi yako hiyo."

Mize akajifunga leso puani, akaosha. Akatapikia ndoo, akarudi akaosha. Kwa lenzi akaona uzi wa mate umejificha ndani ya tundu la ekseli, mahali ambapo kutu ingekula polepole hadi saa inyamaze mkononi mwa kipofu. Akautoa kwa ncha ya kijiti. Kisha akapanga vipande vyote, akafunga. Wakabonyeza: mshale uko kwenye moja, nyundo ikagonga mara moja. Mshale kwenye mbili, ikagonga mbili. Wakakumbatiana, Mize akiwa ameshikilia pumzi.

Wakaipeleka adhuhuri. Bi Mashavu akabonyeza, ikagonga kumi na mbili.

"Saa kumi na mbili?" akasema. "Na jua hili la utosini?"

Lo! Mafundi wakatazamana. Nani kati yetu hana mazoea hayo? Mshale uko kwenye kumi na mbili, mdomo unasema saa sita. Jicho linaona moja, unasoma saba, wala hufikiri. Chande alikata kufuata uso wa saa. Mbwana alisikiliza utamu wa sauti, hakuhesabu. Mize alihakiki kwa macho. Wote watatu walimtengenezea kipofu saa ya wenye macho. Rukia akacheka mlangoni mpaka akashika mbavu: "Hata saa yenyewe imezeeka!"

Njiani wakatupiana lawama kwa matusi ambayo siyarudii hapa, mna watoto. Hata hivyo walirudi mezani. Chande akaonyesha konokono igeuzwe wapi, nusu mzunguko. Mize akafungua mashine nzima, akaigeuza, akafunga upya. Nyundo ikawa inagusa vibaya, Mbwana akaunyoosha waya, kwa meno yale yale, na Mize akaosha tena.

Safari hii walifika mchana, wakaketi chumbani kwa Bi Mashavu, nyuma ya pazia la mlango. Mara mkono wa Rukia ukapenya na sahani.

"Mama, chakula hiki, cha moto moto. Ndiyo kwanza saa saba."

Bi Mashavu akabonyeza. Nyundo ikagonga, sauti nyororo, na yeye akahesabu kwa sauti mpaka tisa.

"Saa tisa, Rukia. Kuanzia kesho mimi nitapakuliwa wa kwanza, na nitakula mezani pamoja nanyi. Asiyetaka, nyumba hii ina mlango."

Rukia akaiacha sahani sakafuni, akaondoka. Mize akaitazama: kichwa cha samaki kimeshafyonzwa, wali una alama za vidole vya mtu, nzi wameshafika.

"Haya wanangu," Bi Mashavu akasema, analia na kucheka. "Nani nimwombee?"

Hapo sasa! Chande akasema: "Bila konokono yangu saa isingejua tisa." Mbwana akasema: "Ingejua, nani angeisikia? Sauti ni yangu." Mize akasema: "Na mate yenu je? Bila mimi ingekufa kabla ya mwezi kuandama." Wakapandishiana, wakatemeana, juu ya sahani ile ile ya makombo, mbele ya mama wa watu. Mize akajisikia anapiga kelele kama wao, na kinyaa alichowaonea wenzake miaka yote kikamgeukia mwenyewe.

Bi Mashavu akapapasa, akaishika saa, akaigeuza mgongo juu, akaiweka kiganjani mwa Mize. "Mchongaji si wewe? Chonga. Sitauliza tena, nitasoma kwa kidole."

Mize akaitoa kalamu ya chuma. Akichonga la Chande, atabaki mwosha vyuma. Akichonga la Mbwana, vile vile. Akichonga lake, atakuwa amejipakulia mwenyewe, na wengine wawili wamebakiwa na makombo.

Msiniambie achonge yote matatu, mahali ni pa moja. Wala msiniambie aache wazi, kidole cha kipofu kinangoja. Je, kalamu ile ingekuwa mkononi mwako, ungechonga jina la nani?