Kura Iliyopigwa Binti Akiwa Jikoni

Fungeni Biblia kidogo, ndugu zangu. Somo tumelisikia na tutalirudia. Kwanza nataka niwape mfano, na nawaomba msianze kutazamana, maana kanisa ninalolisimulia silitaji jina. Mama Nsia, na wewe usinitazame hivyo. Sikiliza tu.

Palikuwa na kanisa moja jirani na machimbo ya kokoto. Vijana wengi wa pale walikuwa wanaponda mawe tangu asubuhi, mabinti kwa wavulana, na shule waliiacha njiani. Baba amefariki, mama anaumwa, wadogo wanataka kula. Mnazijua habari hizo, ziko hata hapa. Basi kanisa likawaonea huruma, na haikuwa huruma ya mdomoni. Wakatoa chumba kimoja nyuma ya kanisa, wakaweka ubao na madawati, na mama mmoja mwalimu mstaafu akakubali kufundisha kila siku saa kumi jioni bila malipo. Mama huyo ndiye aliyekuwa pia katibu wa baraza la wazee.

Akawafundisha hesabu, Kiingereza na uraia. Akawafundisha na uongozi: namna ya kuendesha kikao, namna ya kuomba nafasi ya kusema, namna ya kumpinga mtu bila kumtukana. Jambo moja alilirudia mpaka wakalichoka. Usitie sahihi kitu ambacho hujakisoma.

Mwaka wa pili wazee wakasema, hawa tunawafundisha uongozi, wataufanyia wapi? Wachague mmoja wao aingie kwenye baraza letu, awe mjumbe kamili mwenye kura. Wazo zuri sana. Siku ile makofi yalipigwa, na picha zikapigwa. Vijana wakamchagua binti mmoja wa miaka ishirini aliyeacha shule kidato cha pili. Huyu binti na wenzake watano walikuwa wamejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea, na mtihani ulikuwa umebakiza wiki saba.

Wiki saba. Halafu binti akaona kwenye barua ya kikao kwamba ajenda ya tatu ni chumba. Wazee walikuwa na viti na maturubai ya kukodisha kwenye harusi, na vilikuwa vinalowa mvua. Wanataka stoo. Chumba cha darasa kina paa zuri na mlango wenye kufuli. Mnaona? Hakuna aliyekaa akasema tuwafukuze watoto. Walikuwa wanafikiria viti.

Lakini kwa wale sita chumba kile ndicho kilikuwa kila kitu. Nyumbani kwao hakuna meza, hakuna mahali pa kutulia na daftari, na mwalimu hawezi kuwafundishia machimboni katikati ya nyundo. Binti akaandika maneno yake kwenye karatasi, nusu ukurasa. Akayafanyia mazoezi mbele ya wenzake pale pale kwenye mawe, sauti ikamtetemeka, wakamcheka, akarudia. Wiki nzima.

Ikafika Jumamosi ya kikao. Wazee kumi na wawili, na yeye wa kumi na tatu. Sasa pale kwao, kama ilivyo kwetu, kikao kikifika katikati huletwa chai, na anayeileta ni aliye mdogo kuliko wote. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Ni adabu tu, na binti alikuwa na adabu.

Mwenyekiti akamwambia, "Mwanangu, hebu tuangalizie chai kabla hatujaingia ajenda ya tatu."

"Sawa, mzee."

Akatoka. Jiko lilikuwa nje, uani. Mkaa umelala, vikombe havijasuuzwa, sukari imefichwa mahali anapopajua mzee mmoja tu. Akahangaika pale kama dakika ishirini. Akarudi na sinia, akamwekea mwenyekiti kikombe kwa mikono miwili.

"Asante, mwanangu. Hatukutaka kupoteza muda. Ya tatu tumeshaimaliza."

"Mmeimalizaje, mzee?"

"Imepita. Kuanzia wiki ijayo chumba ni stoo."

"Lakini mimi sijapiga kura."

"Ulikuwa unatuhudumia," mwenyekiti akasema, tena kwa upole kabisa. "Tumekuhesabu pamoja nasi."

Ndugu zangu, mmesikia hapo? Kura ya binti imetumika kufunga darasa la binti, na binti mwenyewe yuko uani anapepea mkaa. Sasa niulize: mwenyekiti alikuwa mtu mbaya? Hapana. Ule ubao wa darasa aliununua yeye, kwa mfuko wake. Ndiyo maana habari hii inaniuma. Angekuwa mtu mbaya tungemkemea tukaenda zetu kula.

Binti hakubishana. Alimalizia kugawa chai, akaketi, karatasi yake imekunjwa mapajani. Alikuwa na hasira mpaka machozi yanamlenga, akayazuia.

Kikao kikaisha. Kitabu cha mihutasari kikaanza kuzunguka watie sahihi. Wazee wakasaini kama siku zote, huyu anasaini huku anaongea na jirani yake, yule anatafuta fimbo yake. Kikamfikia binti, wa mwisho. Yeye akasoma. Wazee wamesimama, kofia mkononi, yeye anasoma. Akafika ajenda ya tatu: "Imepitishwa na wajumbe wote kwa kauli moja."

Akachukua kalamu. Chini ya mstari ule akaandika, kwa mwandiko mzuri aliofundishwa kwenye chumba kile kile: "Mimi sikuwepo. Nilikuwa jikoni." Akatia sahihi.

Mwenyekiti akakivuta kitabu, akatazama. "Futa hiyo, mwanangu. Unatuaibisha."

"Mzee, heshima yangu kwako iko pale pale, na ukiniagiza chai nitaleta tena. Hili siwezi kulifuta. Ni kweli."

Mzee mmoja akanung'unika, "Shukrani zenyewe ndizo hizi. Tumemtoa kwenye mawe, leo anatuandika." Wengine wakamgeukia katibu, yule mama. "Mwalimu, sema na mwanafunzi wako."

Mama akavua miwani. Kalamu iliyoandika "wote" ilikuwa yake. "Kosa ni langu," akasema. "Niliona mmeshakubaliana nikainamia kitabu, nikaandika wote na hawakuwa wote. Na utaratibu wetu mnaujua, jengo la kanisa halibadilishwi matumizi mpaka kila mjumbe akubali. Ya tatu haijapita."

Mwenyekiti akaketi. Wengine nao wakaketi. Akasema, "Haya, binti. Sema."

Akafungua karatasi yake akasoma ile nusu ukurasa, na sauti ilitetemeka mwanzo hadi mwisho. Viti vikaendelea kukaa mvuani. Mtihani ulifanywa, wote sita.

Naona mnatabasamu. Mnapenda hadithi ikiisha vizuri. Lakini sikusimama hapa kuwafurahisha.

Na sisi tuna darasa letu la vijana. Tunaliombea, tunalichangia, wageni wakija tunawapeleka kuliona. Na sisi tulisema vijana wawili waingie kwenye baraza, tukapiga makofi. Jana nikakichukua kitabu chetu cha mihutasari. Hiki hapa. Vikao tisa tangu Januari. Kila ukurasa umeandikwa "wote kwa kauli moja". Nikatafuta mahali palipoandikwa kwamba kijana fulani ameshauri, ameuliza, amekataa. Sikukuta hata mstari mmoja. Sahihi zao nimezikuta, chini kabisa, baada ya zetu. Nikajaribu kuikumbuka sauti ya mmoja wao kikaoni, nikashindwa. Na mwenyekiti wa vikao vyote tisa ni mimi.

Tunataka wasome, halafu wakisoma kile tulichoandika sisi tunaita utovu wa adabu. Tunataka wawe viongozi kesho, na hiyo kesho kila mwaka tunaisogeza mbele.

Nakunda. Elirehema. Simameni, kanisa liwaone. Nimewakosea, na nalisema mbele ya wazazi wenu. Baraza linakaa leo saa nane mchana. Mtaketi karibu na kitabu, na hakuna mzee atakayetia sahihi, nikiwemo mimi, kabla ninyi hamjasema.